Kunasa na Kunasua: Vitu Vyenye Vitundu na Utenganishaji wa Gesi Zinazofanana

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi yeyote aliyepitia somo la fonolojia anazifahamu jozi za mlinganuo finyu. Maneno pata na bata yanatofautiana kwa sauti moja tu, na sauti zenyewe, /p/ na /b/, zinatofautiana kwa sifa moja tu: ya kwanza ni sighuna ilhali ya pili ni ghuna. Hata hivyo, sikio la Mswahili halikosei. Huishika ile sifa bainifu na kuyapuuza mengine yote yanayofanana.

Katika viwanda vya kemikali kuna jozi za namna hiyo, ila si za maneno bali ni za gesi. Ethilini ina atomi 2 za kaboni na 4 za haidrojeni. Ethani ina atomi 2 za kaboni na 6 za haidrojeni. Propilini ina atomi 3 za kaboni na 6 za haidrojeni, nayo propani ina 3 za kaboni na 8 za haidrojeni. Katika kila jozi, tofauti ni atomi 2 za haidrojeni, pamoja na kifungo maradufu kati ya kaboni mbili ambacho ethilini na propilini wanacho na wenzao hawana. Kiwanda hakina sikio la kuitambua tofauti hiyo. Kwa miongo mingi kimezitenganisha gesi hizi kwa kutumia nishati nyingi mno.

Makala haya yanaeleza jinsi vitu yabisi vyenye vitundu vidogo sana vinavyoweza kuifanya kazi ya sikio hilo. Aidha, yanaonyesha kwamba msamiati wa kuieleza kazi hiyo umo tayari katika Kiswahili, na kwamba neno tunalolichagua linaweza kulifafanua jambo au kulipotosha. Hoja yetu kuu ni hii: ubora wa kitu cha aina hii haupimwi kwa uwezo wake wa kunasa peke yake. Hupimwa kwa kunasa na kunasua kwa pamoja.

2.0 Ukubwa wa Tatizo

Ethilini si ngeni kwetu. Ndizi inapoiva hutoa gesi hii, nayo gesi huziivisha ndizi za jirani. Ndiyo maana mkungu uliofunikwa pamoja na tunda lililokwisha kuiva huwahi kuiva. Viwandani, ethilini ndiyo malighafi ya plastiki tunazoziona katika mitungi ya maji na mabomba. Propilini nayo hutengenezewa magunia ya plastiki, kamba na viti. Kwa upande mwingine, propani ni mojawapo ya gesi zilizomo katika mitungi tunayopikia.

Gesi hizi huzalishwa kwa kuvipasha joto kali vitu vitokanavyo na mafuta au gesi asilia hadi molekuli zake zikatike. Kinachotoka ni mchanganyiko. Ili plastiki itengenezwe, ethilini inahitaji usafi unaozidi asilimia 99.9, hivyo ethani iliyochanganyika nayo sharti iondolewe. Njia iliyozoeleka ni kukeneka, yaani kutumia tofauti ya viwango vya kuchemka ili kimoja kiwe mvuke na kingine kibaki kiowevu. Mwenye kukeneka maji ya chumvi hana shida, kwa kuwa maji huwa mvuke na chumvi hubaki. Lakini ethilini huchemka katika nyuzi -104 za Selsiasi na ethani katika nyuzi -89. Propilini huchemka karibu na nyuzi -48 na propani karibu na nyuzi -42. Mwanya ni mdogo, tena uko mbali chini ya sufuri. Kwa sababu hiyo, gesi hupozwa na kushinikizwa, kisha hupitishwa katika minara mirefu yenye sahani zaidi ya 100, zikichemka na kutonea tena na tena katika kila sahani.

Gharama ya kazi hii si ndogo. Mwaka 2016, David Sholl na Ryan Lively wa Taasisi ya Teknolojia ya Georgia, Marekani, waliandika katika jarida la Nature kwamba utenganishaji wa ethilini na propilini kutoka kwa jamaa zao hutumia takriban asilimia 0.3 ya nishati yote inayotumiwa duniani. Walieleza pia kwamba uzalishaji wa gesi hizo mbili ulizidi tani milioni 200 kwa mwaka, kiasi cha kilo 30 kwa kila binadamu. Maadamu sehemu kubwa ya nishati hiyo hutokana na kuchoma mafuta na gesi, kila mnara wa kukeneka una moshi wake mahali fulani. Hapo ndipo vitu vyenye vitundu vinapoingia.

3.0 Sifa Bainifu Tatu

Kitu kinachozungumziwa hapa ni yabisi ambayo ndani yake imejaa vitundu na vijia vya ukubwa unaokaribiana na ukubwa wa molekuli. Vipimo vyake hutajwa kwa nanomita, na nanomita 1 ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Baadhi ya waandishi huviita vitundu hivi vinyweleo. Sisi tunaliepuka neno hilo kwa kuwa humpeleka msomaji kwenye ngozi na jasho, ilhali hapa hakuna kinachotoka jasho. Kuna mlango, chumba na mgeni.

Mgeni hutambuliwa kwa mojawapo ya sifa tatu.

3.1 Ukubwa na umbo: kuchekecha

Sifa ya kwanza ni ile ya chekeche la unga: kilicho kidogo hupita, kilicho kikubwa hubaki. Mfano bora ni zeolaiti, madini yaliyoundwa kwa silikoni, alumini na oksijeni. Jina hilo lilibuniwa mwaka 1756 na Axel Cronstedt wa Sweden kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya jiwe linalochemka, kwa kuwa alipolipasha moto lilitoa mvuke wa maji yaliyokuwa yamejificha ndani yake. Karibu karne mbili baadaye, kuanzia miaka ya mwisho ya 1940, wanakemia walianza kuziunda zeolaiti viwandani.

Katika zeolaiti iitwayo A, ioni za metali hukaa karibu na madirisha ya vitundu kama mabawabu. Bawabu akiwa sodiamu, dirisha huwa la takriban nanomita 0.4. Akiwa potasiamu, ambaye ni mnene zaidi, dirisha hupungua hadi 0.3 hivi. Akiwa kalsiamu, ioni 1 hushika nafasi ya ioni 2 za sodiamu, njia hupanuka, na dirisha hufika kama 0.5. Hivyo basi, kwa kubadilisha bawabu tu, mlango hupimwa upya. Zeolaiti yenye kalsiamu huruhusu butani iliyonyooka kuingia na kuizuia isobutani yenye tawi, ingawa zote mbili zina atomi 4 za kaboni na 10 za haidrojeni. Idadi ya atomi ni moja. Umbo ndilo linalobainisha.

3.2 Mvuto: kunasa

Sifa ya pili haihusu mlango bali yanayotokea chumbani. Wageni wote wawili wanaingia, ila kuta za ndani humvuta mmoja zaidi ya mwenziwe. Hapa picha ya chekeche haitufai tena. Picha inayofaa ni ile ya ulimbo wa mtega ndege: ndege wengi hutua juu ya tawi, lakini si wote wanaonaswa. Ethilini, kwa mfano, ina kile kifungo maradufu chenye elektroni zinazopenda kuegemea ioni za metali zilizo wazi. Ethani haina.

3.3 Kasi: kutangulia

Sifa ya tatu ni mwendo. Huenda wote wawili wanaweza kuingia, lakini mmoja akaingia upesi na mwingine akachelewa mlangoni. Kuna aina ya kaboni yenye vitundu vyembamba ambavyo oksijeni huviingia haraka kuliko naitrojeni, kwa kuwa molekuli ya oksijeni ni nyembamba kidogo. Hewa ikipitishwa kwa muda mfupi, oksijeni hujificha ndani na naitrojeni hutoka upande wa pili. Ukiiacha hewa humo muda mrefu, naitrojeni nayo itaingia na faida itapotea. Katika utenganishaji wa namna hii, muda wenyewe ndio kipimo.

4.0 Kunasa si Kufyonza

Tukifika hapa, tatizo la istilahi linajitokeza. Mara nyingi hutokea kwamba dhana mbili tofauti za kemia hupewa kitenzi kimoja, kufyonza. Dhana ya kwanza ni ile ya kitu kuenea ndani ya kitu kingine kizima, kama gesi ya soda ilivyoenea katika kiowevu chote cha chupa. Dhana ya pili ni ile ya molekuli kushika juu ya uso wa kitu kigumu bila kuchanganyika na mwili wake, mithili ya harufu ya udi inavyoshika nguo iliyofukizwa. Kitenzi kufyonza kinaifaa dhana ya kwanza. Kikitumiwa kwa ile ya pili, mwanafunzi hufikiri kwamba zeolaiti ni kama sifongo, na kwamba kinachohesabika ni nafasi ya ndani pekee. Kwa hakika kinachohesabika zaidi ni ukuta: ni mpana kiasi gani na humvuta nani.

Iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitujengea msingi kwa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia (1990). Kazi ya kizazi chetu ni kuendeleza ujenzi. Kwa dhana ya pili tunapendekeza kitenzi kunasa, kwa sababu tatu.

Kwanza, kunasa kunataja tukio la usoni: kinachonasa kimegusa na kushikwa. Pili, mzizi wake unazaa familia ya istilahi bila kulazimisha. Tunapata unasaji kwa jina la tendo, kinasio kwa kile kitu chenye vitundu, na kinaswa kwa gesi iliyoshikwa. Tatu, na hii ndiyo sababu yenye uzito zaidi, kitenzi hiki kinanyambulika katika kauli ya kutendua. Kama tunavyosema funga na fungua, ziba na zibua, tega na tegua, ndivyo tunavyosema nasa na nasua. Kunasua ni kumtoa aliyenaswa mtegoni. Hilo ndilo hasa linalofanyika kiwandani: shinikizo likipunguzwa au joto likiongezwa, gesi huachiliwa na kinasio huwa tayari kufanya kazi tena. Lugha nyingine hulazimika kuazima viambishi vya Kilatini ili kuionyesha jozi hii. Kiswahili huionyesha kwa irabu moja tu iliyoongezwa ndani ya kitenzi.

Jozi hii inafundisha jambo ambalo neno kufyonza hulificha. Kinasio kinachonasa kwa nguvu kupita kiasi ni kibaya, kwa kuwa kumnasua aliyenaswa kutadai joto jingi, na ile nishati tuliyokimbia kwenye mnara tutaikuta hapa. Anayechagua kinasio kwa kutazama nguvu yake ya kunasa peke yake amesoma nusu ya kitenzi.

5.0 Mfano wa Karibu: Oksijeni ya Hospitali

Haya si mambo ya viwanda vya mbali tu. Wakati wa janga la Korona, mwaka 2020 na 2021, uhaba wa oksijeni ulizikumba hospitali katika nchi nyingi, na watu wengi wakajifunza kuuliza oksijeni hutoka wapi. Jibu mojawapo ni kwamba hutoka hewani, kwa njia ya kunasa na kunasua.

Hewa ina takriban asilimia 78 ya naitrojeni, 21 ya oksijeni na karibu 1 ya agoni. Ndani ya mtambo wa oksijeni mna matangi yaliyojazwa punje za zeolaiti, kwa kawaida mawili. Hewa hushinikizwa katika tangi la kwanza. Naitrojeni na oksijeni zote huingia vitunduni, ila mgawanyo wa chaji katika molekuli ya naitrojeni huifanya ivutwe zaidi na ioni za metali zilizomo. Naitrojeni hunaswa, oksijeni hupita na kumwendea mgonjwa. Kabla tangi halijajaa, kazi huhamishiwa tangi la pili, na lile la kwanza hupunguziwa shinikizo ili naitrojeni inasuliwe na kutupwa nje. Matangi huendelea kupokezana hivyo, kama watwangaji wawili katika kinu kimoja.

Kuna mambo mawili ya kuzingatiwa hapa. La kwanza ni kwamba oksijeni ya mtambo huu kwa kawaida huwa ya usafi wa asilimia 93 hivi, na haivuki sana 95. Sababu ni agoni. Zeolaiti hizi huinasa agoni kwa kiwango karibu sawa na oksijeni, hivyo agoni husafiri pamoja nayo hadi mwisho. Sikio letu limepatana na jozi lisiloweza kuibainisha. La pili ni unyevu. Mvuke wa maji hunaswa na zeolaiti kwa nguvu kuliko naitrojeni, tena hunasuka kwa shida. Katika hewa yenye unyevu mwingi kama ile ya pwani, mtambo ambao hewa yake haikaushwi vyema hupoteza uwezo kidogo kidogo, punje zikiwa bado zimo na zinaonekana nzima. Mhudumu aliyeambiwa kwamba punje zinafyonza atasubiri zijae. Aliyeambiwa kwamba zinanasa na zinapaswa kunasua atauliza kwa nini hazinasui. Swali hilo la pili ndilo linalompeleka kwenye kikaushio cha hewa, na pengine likamwokoa mgonjwa.

6.0 Viunzi vya Metali na Kaboni

Zeolaiti ni bora, lakini aina zake zina mipaka: madirisha yake hubadilishwa kwa hatua chache tu. Tangu mwisho wa karne ya 20 kumezuka aina mpya ya vinasio, ambavyo hapa tunaviita viunzi vya metali na kaboni. Muundo wake ni kama wa nyumba ya miti: atomi za metali ni mafundo, na molekuli ndefu za kaboni ni fito zinazoyaunganisha mafundo hayo. Fundi akibadilisha fito, chumba hupanuka au husinyaa. Akibadilisha fundo, mvuto hubadilika. Mwaka 2025 Tuzo ya Nobel ya Kemia ilitolewa kwa Susumu Kitagawa wa Japani, Richard Robson wa Australia na Omar Yaghi wa Marekani kwa kazi yao ya kuvibuni viunzi hivi. Gramu 1 ya baadhi ya viunzi hivi ina uso wa ndani unaozidi mita mraba 5,000, eneo linalokaribia uwanja wa kandanda.

Mifano mitatu inatosha. Mwaka 2016, watafiti wa chuo kikuu kiitwacho KAUST nchini Saudi Arabia walionyesha kiunzi chenye nikeli na niobi ambacho dirisha lake huiruhusu propilini na kuizuia propani. Mwaka 2018 kiunzi kingine, kilichoundwa kwa kalsiamu na asidi rahisi, kilionyeshwa kuwa huipokea ethilini na kuikataa ethani. Viunzi vyote viwili hufanya kazi ya kuchekecha.

Mfano wa tatu ndio unaotuvutia zaidi. Mwaka 2012 ilionyeshwa kwamba kiunzi chenye chuma, ambacho ioni zake za chuma ziko wazi, huinasa ethilini zaidi ya ethani. Hilo lilitarajiwa. Lakini hebu tufikiri: tunachokitaka ni ethilini. Ikiwa ndiyo inayonaswa, ethani itapita kwanza, na ethilini itapatikana baada ya kunasuliwa, mara nyingi ikiwa na masalio ya ethani yaliyobaki kati ya punje. Ingekuwa heri anaswe yule asiyetakiwa. Mwaka 2018 watafiti waliripoti katika jarida la Science kwamba kiunzi kile kile, kikishapewa oksijeni na kila ioni ya chuma kushika molekuli moja yake, hugeuza mapendeleo yake na kuinasa ethani. Ethilini ilipita ikiwa na usafi wa asilimia 99.99 katika hatua moja. Kwa lugha ya sarufi, kitenzi ni kile kile. Kilichobadilika ni yambwa. Na yambwa alipobadilika, hatua nzima ya kazi iliondoka.

Hata hivyo, haifai kupiga vigelegele kabla ya mwana kuzaliwa. Kiunzi hicho cha chuma huharibiwa na hewa ya kawaida, na watafiti walilazimika kukishughulikia ndani ya visanduku vilivyofungwa. Baadhi ya viunzi huharibiwa na maji. Vingine ni ghali, au ni unga mlaini unaohitaji kufanywa punje zisizovunjika chini ya shinikizo. Isitoshe, kunasa hutoa joto, na joto likilimbikizana ndani ya tangi hupunguza kunasa kwenyewe. Ndiyo sababu minara ya kukeneka ingali inatawala katika viwanda vya ethilini na propilini. Kinachotafutwa sasa ni kinasio chenye kuchagua kwa makini, kubeba kingi, kunasua kwa wepesi, na kudumu kwa maelfu ya mizunguko.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba gesi zinazofanana hutenganishwa kwa kuzitafutia sifa bainifu, iwe ni umbo, mvuto au kasi. Yameonyesha pia kwamba kila sifa ina kitenzi chake katika Kiswahili: kuchekecha, kunasa na kutangulia. Vitenzi hivi havikuundwa katika warsha ya istilahi. Vimetoka jikoni, kwa watega ndege na njiani. Kazi iliyobaki ni kuvipa mipaka na kuvitumia kwa uthabiti, ili mwalimu wa kemia, mhudumu wa mtambo na mhariri wa kamusi waseme jambo moja kwa neno moja.

Tunatoa wito kwa wanachama wa chama chetu wasingoje istilahi ziletwe na wanasayansi peke yao. Mwanasayansi anaijua molekuli. Mwanaisimu anajua kwamba kitenzi fulani kina kauli ya kutendua na kingine hakina. Wawili hawa wakiketi pamoja, kidole kimoja kitakuwa kimepata chenzake cha kuvunjia chawa.

Maswali ya kutafakari

1. Eleza kwa nini kufyonza na kunasa havifai kutumiwa kama visawe katika kemia. Toa mfano wako mwenyewe wa kila kimoja.
2. Orodhesha jozi tano za vitenzi vya Kiswahili katika kauli ya kutenda na ya kutendua zinazoweza kutumiwa kuunda istilahi za sayansi. Taja dhana utakayoipa kila jozi.
3. "Anayechagua kinasio kwa kutazama nguvu yake ya kunasa peke yake amesoma nusu ya kitenzi." Jadili kauli hii kwa kurejelea mtambo wa oksijeni.